Kengele ya Frere Town na Somo la Waliokuja

Mwenye kuvuka daraja la Nyali akitoka kisiwani, akaishika njia kuu ya kwenda Malindi, hana budi kuupita mnara mdogo wenye kengele, pale njia ya Nyali inapokutana na hiyo ya Kisauni. Matatu hupita mbio, mikokoteni huelekea soko la Kongowea, na watoto wa shule hupita ubavuni mwake asubuhi na jioni. Ukimsimamisha mmoja wao ukamwuliza kengele hii ni ya nini, atakwambia ni ya kanisa, au atakwambia ni ya watumwa, kisha ataendelea na safari yake. Hakukosea. Lakini amefundishwa nusu ya nusu, na katika nusu hiyo mtoto wa Kiislamu hajioni popote. Kwake yeye Frere Town ni habari ya watu wengine, iliyotokea katika mtaa wake kwa bahati tu.

Makala haya yanataka kusema kinyume cha hayo. Habari ya Frere Town ni habari yetu sote watu wa Mombasa, na shule zikitaka kumfundisha mtoto jinsi taifa linavyojengwa na watu waliotoka mbali, hazina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Zianzie pale penye kengele.

Tuanze na yaliyotokea. Mwezi wa Januari 1873 alifika Unguja Sir Bartle Frere, aliyekuwa gavana wa Bombay, akiwa na ujumbe wa serikali ya Uingereza wa kumtaka Seyyid Barghash azuie biashara ya watumwa baharini. Seyyid alikataa, akabanwa, na tarehe 5 Juni mwaka huo akatia sahihi. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mkataba ni karatasi, na jahazi ziliendelea kupita usiku. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikizikamata ziliingia katika tatizo jipya: watu waliotolewa ndani ya jahazi wapelekwe wapi? Kwao ni Unyasa, Uyao, Umakua, mwendo wa miezi barani, na njiani ni wawindaji wale wale. Mtoto wa miaka saba hajui hata jina la mto wa kijijini kwao. Humrudishi mtu kama huyo kwao. Kwao hakupo tena.

Ndipo Church Missionary Society wakamtuma William Salter Price, naye mwaka 1875 akanunua ardhi ya bara ya Kisauni, mkabala wa kisiwa, na mahali hapo pakaitwa kwa jina la Frere. Meli zikaanza kuleta watu. Wakapewa mashamba madogo, nyumba, shule na dini. Na mnara ukajengwa, kengele ikatungikwa, ili ikilia kila mtu ajue kwamba wanaotaka kuwakamata tena wameonekana.

Lakini walioujenga mji huo hasa hawakuwa Wazungu. Kabla ya hapo, miaka mingi, watoto wa Kiafrika waliokombolewa katika bahari ya Hindi walikuwa wakipelekwa Bara Hindi, na wengi wao walilelewa Nasik, karibu na Bombay. Huko walijifunza useremala, uhunzi, kusoma na kuandika, wakasema Kihindustani na Kiingereza. Hao waliitwa Waafrika wa Bombay. William Jones, Ishmael Semler na George David walitangulia kufika Rabai miaka ya 1860, na wengine wakaja na Price. Wao ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani wa Frere Town. Mwenzao Matthew Wellington, aliyetekwa utotoni kutoka Uyao na kusomeshwa Nasik, alikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka Ilala hadi Bagamoyo mwaka 1873 na 1874. Akaishia Mombasa, akafa mwaka 1935 akiwa mzee sana. Fikiri safari ya mtu huyo: Uyao, pwani, Bara Hindi, maziwa makuu, kisha Mombasa. Wengi wetu wanaojivunia asili ya mbali hawajafika nusu ya hapo.

Wenyeji wakawaita Wamisheni, na jina likabaki. Lugha walizokuja nazo zilikuwa nyingi mno hata hawakuweza kusemezana, basi wakashika Kiswahili. Watoto wao hawakuwa na lugha nyingine ya mama. Walitoka humo makarani, wapiga simu ya maandishi, walimu, makasisi. Mwaka 1885 Jones na Semler walipewa ushemasi na Askofu Hannington, na mwaka huo huo Jones akafuatana naye safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga, ni Jones aliyewarudisha salama wapagazi waliosalia mpaka Rabai. Chuo cha makasisi cha Frere Town kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Kwa hiyo kijiji cha mateka kilipeleka elimu bara, si bara kupeleka elimu kijijini. Hilo peke yake lingetosha kipindi kizima darasani.

Sasa tufike mahali ambapo mwalimu wa Pwani, hasa akiwa Mwislamu, hutaka kufunua kurasa mbili kwa pamoja.

Kengele ile ilikuwa ikiwaonya watu juu ya nani? Walioogopwa walitoka wapi? Jibu ni kwamba baadhi yao walitoka ng'ambo ya maji, kisiwani, na katika mashamba ya mtama na minazi ya mwambao kuanzia Mtwapa mpaka Malindi. Watumwa wa mashamba hayo walipoona kwamba pana mji wa watu walioachwa huru, walianza kutoroka. Wengine walikwenda Frere Town, wengine Rabai, wengine walijijengea vijiji vyao msituni kama Fuladoyo na Makongeni. Wenye mashamba wakaona mali yao inapotea. Mwaka 1880 mambo yalifika karibu ya kupigana. Watu wa Mombasa walitaka kuivamia misheni, na kama si balozi Kirk kuingia kati damu ingemwagika hapo Kisauni. Babu zetu, au tuseme baadhi yao, walisimama mlangoni wakidai warudishiwe watu.

Mtoto wa madrasa anakijua kisa kinachofanana na hiki kuliko anavyojua kitu kingine chochote cha historia. Mwaka wa tano wa utume, Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaambia waende Habasha. Wakavuka bahari wakaja Afrika, kwa Najashi, mfalme Mkristo. Makureshi wakawatuma wajumbe na zawadi wadai warudishiwe watu wao. Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza, na Najashi akazikataa zawadi, akakataa kuwatoa wageni wake. Kila mwaka katika mawaidha tunamsifu mfalme yule, na tunasema Afrika iliupokea Uislamu kabla ya Madina.

Basi mwalimu akikisoma kisa hicho, kisha akawapeleka watoto pale penye mnara akawauliza: hapa, nani alikuwa Najashi, na nani walikuwa wajumbe wa Makureshi? Swali hilo ni gumu, na mimi naona ndilo somo lenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mbili analiweza. Wazee ndio wanaoliogopa.

Wala si kwamba jibu ni jepesi upande wa pili. Misheni haikuwa Habasha. Wamishenari waliwarudisha watoro wengi kwa wenyewe, maana sheria iliwataka wafanye hivyo na hawakutaka kuvunja urafiki na wakubwa wa mji. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1881 ulionyesha kwamba ndani ya Frere Town yenyewe watu walioambiwa wako huru walikuwa wakipigwa viboko na kufungwa kwa amri ya msimamizi wao. Waafrika wa Bombay walilalamika kwamba wanafanya kazi ya ualimu na kulipwa kama vibarua. Na serikali ya Kiingereza iliyopiga kelele juu ya jahazi haikuufuta utumwa katika mwambao wa Kenya mpaka mwaka 1907. Tarehe 1 Januari 1889 pale Rabai, George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa aliwapa watoro zaidi ya 1,400 hati za uhuru. Fidia ililipwa siku zile, lakini alilipwa bwana. Mtumwa alipewa karatasi.

Hapo ndipo penye kasoro ya kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa Frere Town, na alieleza habari za baba yake na za wenzake waliotekwa. Ni kitabu kizuri kwa Kiswahili chake, na ushahidi wake hauna badala. Lakini shuleni kilifundishwa kama kwamba ubaya wote ulikuwa wa Mwarabu na wema wote wa Mwingereza, na watoto wa Kiislamu walikaa darasani vichwa chini. Wengine waliinua vichwa kwa hasira, wakasema kitabu chote ni uongo. Hasira hiyo ilitudhuru sisi wenyewe, kwani iliwafanya watu wetu wakimbie habari nzima badala ya kuijaza pale ilipopungua. Hawakuuliza sukari ya Réunion ililimwa na nani, wala hawakuuliza Wayao na Wamakua waliletwa pwani kwa bidhaa za nani. Na hawakuuliza jambo lililo karibu zaidi: ni nyumba ngapi za Mombasa, za Kiislamu kabisa, ambazo bibi yao wa tatu au wa nne alishushwa jahazini? Maana wengi wa waliotekwa hawakufika Frere Town. Walibaki mjini na mashambani, wakasilimu, wakaoa na kuolewa, wakawa sisi.

Na tukiuliza "sisi" ni nani, jina lenyewe lajibu. Neno taifa, ambalo leo twalitumia kwa Kenya nzima, hapa Mombasa lilikuwa na maana yake tangu kale. Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya mji, yamegawika Tisa na Thelatha. Soma majina ya Tisa Taifa: Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya, Wakilifi, Wamtwapa, na wenzao. Kila jina ni anwani ya mahali watu walipotoka! Mji ulipowapokea haukuwataka wasahau kwao. Uliwapa mtaa, sheikh wao na nafasi katika baraza, wakawa wenyeji huku jina la kwao likibaki juu yao. Thelatha Taifa nao, Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, wana habari zao za kuhama. Baadaye wakaja Wabaluchi na majeshi ya Waomani, wakaja Wahadrami na vijaluba vyao vya biashara, wakaja Wahindi wa reli: kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa takriban 32,000, na takriban 6,700 wakabaki. Tena sisi watu wa mwambao, na mitaa yetu yote, tuliingia Kenya kwa mkataba uliotiwa sahihi London mwezi wa Oktoba 1963. Kwa hesabu hiyo Mombasa ni mgeni wa Kenya aliyekuja na nyumba yake mgongoni.

Mwalimu mwenye kutaka kufundisha habari ya uhamiaji na kuanzishwa kwa taifa, basi, ana neno taifa mikononi mwake, na wala hahitaji kamusi. Mpaka hapo watoto watafurahi. Watasema, kumbe sote tumekuja. Lakini asiwaache wafurahi mapema. Kuna aliyekuja kwa tanga lake, akitafuta biashara au nchi ya amani. Kuna aliyekimbia vita. Na kuna aliyeletwa akiwa amefungwa. Ukiwatia wote katika kapu moja la "wahamiaji" umemdhulumu wa mwisho, kwa sababu umemfanya aonekane kama aliyechagua.

Wamarekani wana tatizo hilo hilo, na wao wana mashule na vitabu kutushinda. Kwa miaka mingi mtoto wa Marekani alifundishwa kwamba nchi yake ilianza na meli ya Mayflower iliyofika mwaka 1620 na watu waliotafuta uhuru wa dini. Mwaka mmoja kabla yake, 1619, meli nyingine ilifika Virginia ikiwa na Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola. Ubishi juu ya meli ipi ianze kitabuni unaendelea huko mpaka hivi leo, na umeingia hata katika siasa. Sisi meli zetu zote mbili ziliingia bandari moja, nasi bado tunafundisha nusu.

Kwa upande wa namna ya kufundisha, nina neno moja kwa walimu. Msiwasimamishe watoto mmoja mmoja mkawauliza, "Kwenu wapi?" Pwani swali hilo si salamu. Likiongezewa "hasa," kwenu wapi hasa, huwa ni kisu. Kuna mtoto ambaye baba yake amemkataza kujibu, na kuna ambaye hajui, na kuna ambaye nyanya yake alikufa na siri. Anzeni na mahali. Wapelekeni kwenye kengele, kisha kwenye kanisa la Emmanuel, kisha wateremke Kongowea, jina ambalo ni la kale hata Mombasa yenyewe iliitwa hivyo katika mashairi ya wazee. Waulizwe kila mahali: nani alikuwapo, nani alikuja, nani aliletwa, na aliyekuwapo alimfanyia nini aliyekuja? Mtoto mwenye la kusema la nyumbani kwao atalisema mwenyewe siku ya tatu au ya nne, akiona hachekwi.

Na kwa Waislamu kuna kipimo kilicho wazi. Tarehe yetu haianzi na kuzaliwa kwa Mtume wala na kushuka kwa Wahyi. Sayyidna Umar alipotaka kuweka hesabu ya miaka, ilichaguliwa Hijra, yaani siku za kuhama. Madina, wenyeji na wageni waliunganishwa udugu, mtu na mtu. Saad bin Rabii, mwenyeji tajiri, alimwambia Abdurrahman bin Auf, aliyefika mikono mitupu, achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akamwambia nionyeshe soko liko wapi. Watoto hukipenda sana kisa hiki kwa sababu ya jibu la Abdurrahman. Mwalimu awageuze kidogo wamtazame Saad pia, maana sisi wa mji ndio tuliokuwa mahali pake.

Watu wa Frere Town walionyeshwa soko? Pengine jibu tulilisikia redioni kwa miaka mingi bila kulifikiri. Zamani za utumwa mwambao huu uligawa watu mafungu mawili, mwungwana na mtumwa. Mwungwana ni aliyezaliwa huru. Tabia njema ikaitwa ungwana kana kwamba mwingine hawezi kuwa nayo. Katika ukoo huo huo wa Mbotela, hapo Frere Town, mwaka 1940 akazaliwa Leonard Mambo Mbotela. Tangu mwaka 1966 akawa akiwauliza Wakenya hewani, kwa sauti ile isiyosahaulika, "Je, Huu ni Ungwana?" Mabwana na masheikh, mawaziri na makuli, wote walitega sikio kusikia kizazi cha mateka kikihukumu ni nani mwungwana na nani si mwungwana. Hakuna aliyemwambia huna haki. Alifariki mwezi wa Februari 2025, na sijasikia bado mwalimu aliyemfanya kuwa somo.

Iwapo atatokea, asiishie kwa Mbotela, kwa sababu wanaokuja hawajakwisha. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kutoka Msumbiji kulima mkonge na miwa, walikaa Kenya vizazi viwili vitatu bila vitambulisho, mpaka mwezi wa Oktoba 2016 walipotoka kwa miguu kwenda Nairobi kudai. Mwaka uliofuata wakapewa. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi na Waislamu wenzetu, waliohesabiwa wageni katika fukwe walizozaliwa, walitambuliwa mwezi wa Julai 2023. Katika shule za mwambao leo wamo watoto ambao baba zao walipata kitambulisho cha kwanza wakiwa na mvi. Wanakaa dawati moja na wajukuu wa Wapate, wa Wahadrami na wa Wamisheni, na kipindi cha historia kikifika wote hufungua ukurasa mmoja, ule wenye mstari mmoja juu ya Frere Town.